Orrin Skaarland, Sauti Iliyotangulia Picha

Mchungaji, mama yangu Lorna, ndugu, majirani wa Wendell Falls, na wageni waliotoka Port Ellery kwa magari yanayong'aa kuliko jeneza, familia imenipa mimi, Marit, binti wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yangu, na nilipewa kwa sababu mimi ndiye niliyesomea mawasiliano ya habari, shahada ninayo, ajira sina, kwa hiyo muda wa kuandika nilikuwa nao wa kutosha.

Marehemu Orrin Skaarland alizaliwa tarehe 11 Machi 1949 katika shamba la ngano la babu, maili sita mashariki ya mji huu, akiwa mtoto wa kwanza wa Nils na Agda Skaarland, na miaka saba baadaye, tarehe 2 Mei 1956, akazaliwa mdogo wake, baba mdogo Verlyn, ambaye mnamwona pale safu ya mbele katika koti la kijivu. Baba alikuwa na miaka tisa trekta lilipomkanyaga mguu wa kushoto, na toka siku ile mguu ule ukawa wa kukokota, ikawa Verlyn ndiye wa kukimbia na Orrin ndiye wa kusema, maana kila jioni mdogo mtu alikimbia na mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, kati ya ng'ombe huku kaka yake amekaa juu ya ua wa mbao, akitangaza. Bibi Agda alisema wivu wa baba ulianzia juu ya ua ule. Mimi nasema wivu ule ulilisha familia hii miaka arobaini, tuuheshimu.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa, akahitimu mwaka 1967, kisha akaingia Chuo cha Wendell Falls na kumaliza Juni 1971. Verlyn alipofika umri wa chuo aliitwa na Chuo cha Port Ellery, kule pwani, avae helmeti na jezi ya kijani ya watani wetu, akalipiwa kila kitu. Baba alimsindikiza hadi kituo cha basi. Neno alilomwambia lilijulikana mji mzima: "Nenda, bwana mdogo, lakini ukianguka uwanjani kwetu, nitakutangaza unavyostahili."

Akatimiza. Tarehe 9 Septemba 1978 redio ya mji ilimkabidhi kipaza sauti cha mpira wa chuo, akakishika hadi msimu wa mwaka jana, na wote mliolelewa bonde hili mnajua tulivyoishi Jumamosi zetu, picha ya televisheni mbele, sauti yake imezimwa, redio juu ya jokofu ikiwa na Orrin ndani yake. Watangazaji wa televisheni walikuwa wageni, walilitamka jina la mji huu kama wanatafuna mchanga. Macho tuliazima kwao, masikio yalikuwa yetu.

Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na mama katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Anders mwaka 1988 na mimi kitinda mimba mwaka 1998, na ilipotimia 2009 baba mdogo Verlyn akateuliwa mkurugenzi wa michezo wa Chuo cha Port Ellery. Baba alipopata habari alisema "uff da," neno la wazee wetu wa Norway lifaalo kwa msiba na kwa supu iliyomwagika, akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Sasa nafika mahali ambapo baba mdogo aliniomba jana, kwa upole sana, nipite haraka. Sipiti haraka.

Mwaka 2022 ligi yetu, iliyodumu toka enzi za babu, ilivunjika. Ligi kubwa ya mashariki ilikuja na mkataba wa televisheni kuchagua vyuo vya kuchukua, ikawachukua Port Ellery, sisi ikatuacha, na sikukuu ya shukrani mwaka ule, bata mzinga katikati ya meza, baba akamkabili mdogo wake.

"Misimu sita iliyopita tumewapiga mara nne, Verl. Mara nne! Wanachukuaje walioshindwa?"

"Kaka, hawanunui ushindi," baba mdogo akasema, hata kisu hakukiweka chini. "Wananunua sebule. Port Ellery na vitongoji vyake ina sebule milioni mbili zenye televisheni. Tangazo la gari linaingia sebuleni. Ninyi mna nini? Mna ngano."

"Ngano ndiyo huo mkate unaotafuna."

"Mkate mtamu, kaka. Lakini ngano haiangalii televisheni."

"Na chuo chenu kingecheza uchi bado wangekichukua?"

"Kwa sebule milioni mbili? Wangekilipa zaidi."

Mama akasema, "Nipitishieni mchuzi kabla sijawamwagia wote wawili."

Nawaambia ukweli, waombolezaji, baba mdogo alikuwa sahihi, na ndicho kilichouma. Thamani ya ligi haikuwa miguu ya wachezaji, ilikuwa idadi ya makochi yaliyo mbele ya runinga, na sisi makochi yetu yametawanyika, moja kila maili tatu. Waliondoka na mechi ya watani iliyochezwa toka 1911. Sisi tuliobaki hakuna kituo cha televisheni kilichotutaka, tukauzwa kwa bei ya kutupa kwa kampuni moja ya mtandaoni, chuo kikapunguza matumizi, timu ya kuogelea ikafutwa, na ile nafasi ya ofisi ya habari ya uwanjani niliyoahidiwa ikafutwa nayo. Ndugu yangu Kirsten, binti wa baba mdogo, akaajiriwa Denver. Na nani? Na kampuni hiyo hiyo ya mtandaoni. Kirsten, koti lako zuri, mpenzi, sisemi zaidi.

Jumamosi ya kwanza ya mtandao, Septemba 2023, mji ulifanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Tulizima sauti, tukawasha redio, kama siku zote. Hatukujua kwamba picha ya mtandaoni hufika ikiwa imechelewa karibu nusu dakika. Baba akapiga kelele kwamba mpira umenyang'anywa, na kwenye picha vijana wetu bado wameinamiana wanapanga mchezo! Simu zikamiminika kwenye kibanda chake cha kutangazia. Mzee Dieter, usiiname, wewe ndiye uliyemwambia, "Orrin, umegeuka nabii au mharibifu? Mke wangu ameacha kuangalia!"

Baba hakuzoea kulaumiwa. Wiki iliyofuata aliweka simu mezani, akaupa uwanja mgongo, akatangaza kile alichokiona kwenye simu ili aende sawa na picha zenu. Fikirini, mtu yuko uwanjani, mchezo uko nyuma yake, yeye anausubiri uzunguke angani urudi. Lakini kipaza sauti kilidaka umati, nanyi mlisikia watu wanashangilia kwanza, kisha Orrin anaeleza kwa nini, kama mtu anayecheka mzaha wa jana. Waliokuwa kwenye matrekta, wasio na picha, wakapiga simu nao. Robo ya tatu akaigeuza simu kifudifudi, akageukia uwanja, akasema hewani, "Nitawaambia kinapotokea. Anayetaka kuchelewa, achelewe."

Kitu kimoja alikitaka kabla hajanyamaza, nacho ni mechi ya watani irudi, na ufunguo wa ratiba ulikuwa mfukoni mwa mdogo wake. Alimpigia kila mwezi. Jibu lilikuwa lile lile, "Kaka, mkiingia kwenye ratiba mnatushushia bei." Februari 2025 madaktari wakaona saratani ya kongosho. Baba alinikataza kumwambia Verlyn, akasema hataki mechi ya huruma, anataka mechi. Nilimwambia. Sijutii. Katikati ya Machi mechi ikaingia kwenye ratiba, tarehe 20 Septemba, uwanjani kwao, mtandaoni. Baba alidhani ni hoja zake zilizoshinda, na leo ndiyo mara ya kwanza mama anasikia vinginevyo.

Siku ilipofika hakuweza kusimama, sembuse kutangaza. Alilala hospitalini na redio ndogo, waya sikioni, akimsikiliza kijana aliyerithi kiti chake na kumkosoa kila sentensi. Baba mdogo, ambaye angekuwa kwenye chumba chake cha vioo na matajiri wa chuo, aliingia saa saba mchana akiwa na simu mkononi, mechi ikionekana mtandaoni, akaja upande wa kitanda niliokuwa nimekaa mimi. Nilisimama, akakaa kwenye kiti changu. Nilimwonea wivu kuliko nilivyomwonea Kirsten.

Zilipobaki sekunde chache, wao wako mbele kwa pointi mbili, mpira ni wetu, kijana wetu anajiandaa kuupiga teke upite kati ya nguzo, na ukipita ni pointi tatu. Kwenye simu bado alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mimi nilikuwa namtazama baba, nikaona uso wake ukifunguka. Alikuwa ameshasikia.

"Atakosa huyu," baba mdogo akasema, macho kwenye simu. "Upepo wa bahari unageuka kule, kaka, mimi naujua."

Mtu aliyeishi kwa kuwa wa kwanza kusema, safari hii akauminya waya ule sikioni na hakusema. Alimtazama mdogo wake kama alivyomtazama, nadhani, akiwa juu ya ua.

"Angalia tu, bwana mdogo," akasema. "Usipepese."

Mpira ulipopita kati ya nguzo kwenye simu, baba mdogo alitukana tusi nisiloweza kulisoma kanisani, akacheka, akageuka kumpa kaka yake mkono. Baba alikuwa ameshaondoka. Umri wake ulikuwa miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwachia redio yake kinyume cha kanuni za wodi, majirani mliomvunia ngano mwezi Agosti, watangazaji wenzake, kina mama walioandaa mikate ya nyama na kahawa hapo chini. Na wewe, baba mdogo, nakushukuru, neno hili linanikwama lakini nalitoa, kwa kukitupa kile chumba cha vioo ukaja kukaa kwenye kiti changu.

Tangulia, baba. Wewe matokeo umeshayasikia. Sisi picha yetu bado haijafika.