Lango la Jerusha Akeyo

"Shemeji, hii nyumba itawageuzia watu mgongo?" ndivyo Willis, kaka mkubwa wa Zablon, alivyomfokea marehemu Jerusha Akeyo hapa Sori tarehe 11 Februari 2017, siku Zablon na Jerusha, mkewe, walipoanzisha boma hili, kwa sababu desturi yetu inataka mlango wa nyumba kubwa utazamane na lango, na lango lilikuwa limepangiwa upande wa ziwa, lakini Jerusha alitaka mlango utazame juu, barabarani, akisema upande wa ziwa maji yataingia bila kubisha hodi. Willis alijibu kwamba ziwa halijawahi kufika hapo, na anayeogopa maji arudi kwao Rangwe.

Huko Rangwe, Homa Bay, ndiko marehemu alikozaliwa tarehe 3 Agosti 1979, akasomea shule ya msingi nyumbani, sekondari akaimaliza Migori mwaka 1997, na mwaka 2001 akapata stashahada ya ujenzi mjini Kisumu, kisha akaanza kuchora ramani za madarasa na zahanati, akitumia matofali ya udongo yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, ili miti isikatwe kwa kuni. Lakini alisema jengo likiokoa miti halafu likasombwa na maji, miti mingine itakatwa kulijenga upya, kwa hiyo kila ramani yake ilikuwa na msingi wa mawe ulioinuliwa, na paa lililofungwa kwa vyuma hadi ukutani.

Alifunga ndoa na Zablon tarehe 9 Desemba 2006, wakajaliwa Liz na Oliver. Siku ile ya ugomvi, Zablon akiwa hajui amuunge nani mkono, Jerusha alisema desturi ataifuata yote, mlango utatazama lango, ila lango lenyewe lihamie juu, upande wa barabara, na wazee walipokubali, Zablon akaisimika miti ya lango hapo. Willis aliapa hatalipita, na kweli kwa miaka mitatu hakulipita.

Mei 2020 ziwa lilipanda, likazibomoa nyumba za chini, ya Willis ikiwemo, lakini nyumba hii ilibaki kavu, na tangi lake la maji ya mvua likawanywesha majirani wote.

Marehemu alianza kuugua kansa mwaka 2023, akaaga dunia tarehe 18 Mei 2025 akiwa Homa Bay. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake, ambao madarasa waliyojenga naye yote yamesimama hadi leo. Lala salama, Mama Liz, kazi yako imeshinda.

Asubuhi ile ya mafuriko Willis alilipita lango, mama yake mzee akiwa mgongoni, akasimama nje ya nyumba akiomba mama tu apokewe, naye Jerusha akamwambia pale mlangoni: "Ingia, shemeji, mlango unatazama lango kama ulivyotaka."