Sahani ya Lewis Haina Jina

Benchi yetu iko nje ya duka la Abdirizak, hapa tu unapoingilia soko ya Daraja Mbili, karibu na gunia natandika ndizi zangu. Mguu mmoja wa hiyo benchi ni mawe matatu. Saa nane Farhiya, bibi ya Abdirizak, anatuletea birika ya kahawa ya tangawizi, na ile siku aliiweka juu ya karatasi ya kifurushi ndio isichome mbao. Abdirizak tunamwita Waranti, juu anauza redio na kila redio anaapia miaka miwili, na hajawahi kurudishia mtu hata moja. Nehemiah ni Santuri. Huyo alikuwa anacheza muziki kwa baa moja huko Nyansiongo wakati mimi bado nilikuwa na meno yote. Ronny wa pikipiki ni Breaking, habari zote anakuwa nazo kabla hazijatokea. Mimi ni Mama Onchiri. Onchiri ndiye alizaa Lewis, na Lewis ndiye alifanya ile siku kahawa yangu ikapoa kwa kikombe.

Lewis ako Uingereza, mji unaitwa Bristol, mwaka wa nne sasa. Usiku anafanya kazi kwa jikoni ya hoteli, mchana anatengeneza muziki. Kila Jumapili nikitoka kanisa simu yangu ndogo inalia. Sasa Jumapili tatu zilikuwa zimepita haijalia. Katikati ya wiki huwa namtumia sauti kwa simu ya Ronny, juu mimi kuandika sijui. Ronny alikuwa ananionyesha tiki moja. Kesho, tiki moja. Kesho kutwa, tiki moja. Tiki moja ni kusema haijafika. Shule sikuenda lakini moja naijua nikiiona.

Halafu posta wakamwita Waranti. Sanduku la posta la duka lake ndilo Lewis alikuwa akitumia tangu shule, sisi nyumbani hatuna. Kifurushi kutoka Uingereza. Kukata, ndani ni sahani ya santuri, nyeusi, kubwa kama sinia. Katikati imebandikwa karatasi nyeupe. Hakuna jina, hakuna picha, hakuna barua. Nikaishika nikaipapasa. Karibu na hiyo karatasi kidole yangu ikasikia mikwaruzo. Nikanyamaza, waseme ni mimi nimeharibu?

— Sahani bila jina nimeona mara moja tu, Santuri akasema. Mwenyewe alikuwa anatafutwa na polisi.

— Anza pole pole, mzee, Ronny akamwambia. Huko majuu ndio huwa hivyo. Hizi ni ngoma za besi, za klabu. Msee anatoa sahani mia tatu, nyeupe hivi, anapeleka kwa maduka mawili matatu. Wenye wanajua wanajua.

— Na wenye hatujui?

— Nyinyi mnaskiza tu.

— Mtu anaficha jina kwa kitu anauza? Waranti akauliza. Mimi jina langu liko kwa mlango, kwa ukuta na kwa risiti.

— Na waranti haiko popote, Santuri akasema.

Waranti akaingia ndani akatoa mashine ya kuchezea sahani ya marehemu baba yake, akaipangusa vumbi na mkono wa shati, akaiunganisha na zile spika zake kubwa za mlangoni. Santuri akanawa mikono kama mtu anaenda kula. Akapuliza sindano.

— Sahani kubwa ni thelathini na tatu, akasema. Sahani ndogo ni arobaini na tano. Hiyo ndiyo mwendo mashine inazunguka. Huko Nyansiongo hata walevi walikuwa wanajua.

Akasukuma kiswichi, akashusha sindano.

Kwanza ilikuwa kimya. Halafu kitu kikaingia kwa miguu yangu. Si kwa masikio, kwa miguu. Kifuniko ya birika ikaanza kuongea peke yake. Ndizi zangu za juu zikateremka na hakuna mtu amezigusa. Ngoma ikapiga moja, ikanyamaza, ikapiga mbili, ikanyamaza sana, kama watu wanashusha kabati kwa ngazi na wanapumzika kila hatua. Mwanamke wa kuuza sukuma wiki pale kando akachukua mboga zake akahamia upande ule mwingine.

Mimi hiyo besi haikunitisha. Shemeji yangu Ochoki alikuwa mpigaji wa obokano, ile zeze yetu kubwa ya nyuzi nane, na akianza kupiga, kiti umekalia kinajua kabla yako. Chenye kilinitisha ni sauti. Katikati ya ile besi kulikuwa na mtu. Mwanaume, mzito, ako mbali kama ako ndani ya kisima. Anavuta neno, linakatika kabla halijaisha, anaanza tena. Hakuna mwenye aliweza kusikia anasema nini.

— Huyo ni Lewis? Waranti akaniuliza.

Sikuweza kusema ndio na sikuweza kusema hapana.

— Huyo ni mgonjwa, Santuri akasema. Mimi nimelala wadi mwezi mzima. Hiyo tii, tii, mnasikia ni mashine ya moyo.

— Wapi, Waranti akasema. Hiyo ni meli, wallahi. Nimekaa Mombasa wiki mbili nikingojea kontena, huo mvumo naujua. Kijana ako chini, pale kwa injini.

— Anapelekwa wapi?

— Wakikuweka chini hawakwambii.

— Nyinyi mnapotea kabisa, Ronny akasema. Hii style inajulikana. Inaitwa muziki ya majaribio.

— Majaribio ya nini? Waranti akauliza.

— Ya muziki.

— Muziki haijaribiwi. Unaimba ama unanyamaza. Chenye kinajaribiwa ni dawa.

— Na dawa inajaribiwa kwa watu, Santuri akaongeza.

Nikauliza: — Watu gani?

Kila mtu akaangalia kikombe yake. Lakini Santuri akishaanza hawezi kuacha njiani.

— Wanakuweka kwa chumba ya giza, akasema, spika kila upande, ndefu kama ghala ya mahindi. Wanapandisha sauti kidogo kidogo waone utavumilia mpaka wapi. Chenye unasema huko ndani wanarekodi. Sasa hiyo kitu utaiandika jina? Hakimu si atakushika?

— Manze, Ronny akasema, na kweli wanacheza kwa chumba ya giza. Nimeona video. Watu wamesimama tu, wamefunga macho.

— Umeona?

— Wamefunga macho, mzee.

— Basi, Santuri akasema. Hapo hakuna lingine. Huyo kijana anaomba aachiliwe.

Nikaweka kikombe chini. Mnajua, babake hakutaka Lewis aende. Onchiri alisema kijana akae hapa tulime chai. Mimi ndiye niliketi na yeye jioni nzima nikamwambia, mwanangu, huyu mtoto tangu azaliwe anagonga sufuria akisikiza inavyolia, sasa akae Kisii agonge sufuria za nani? Muache aende. Kwa hivyo kama kuna mtu wa kuulizwa, ni mimi.

— Zima hiyo kitu, nikasema.

Waranti akazima. Soko yote ikasikika tena, ikaniumiza na kelele zake.

— Mama, kunywa kahawa, akaniambia.

— Nani atamwambia Onchiri?

— Breaking amwambie, Santuri akasema. Si ndiye mtu wa habari.

— Mimi niko na habari zenye zinaenda kutokea, Ronny akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Hii sijui kama imetokea.

Tulikuwa hapo, wanne, tunapanga kama nitaenda na pikipiki ama nitaenda na mchungaji, Hodan akatokea. Hodan ni binti ya kaka yake Waranti, mwalimu huko Nyamache. Alikuwa amekuja kusalimia Farhiya. Lakini alizaliwa hapa hapa, akanisalimia na lugha yetu ya Kisii.

— Bwakire buya, Nyanya. Mbona mmekaa kama watu wa matanga?

Wakamweleza wote watatu kwa mara moja. Wadi, meli, chumba ya giza. Yeye akachukua tu sahani akaiinua kwa mwangaza, akaigeuza hivi, akaigeuza hivi.

— Nani ameandika hapa?

— Hapo hapajaandikwa, Santuri akasema. Ni nyeupe.

— Si kwa karatasi. Hapa kwa nyeusi, karibu na karatasi.

— Hiyo ni mikwaruzo, nikasema. Niliisikia na kidole. Lakini haki si mimi.

— Si mikwaruzo, Nyanya. Imechongwa na msumari ama nini. Inasema, kwa Magokoro. Halafu iko na namba, arobaini na tano.

Kwa lugha yetu magokoro ni nyanya.

— Arobaini na tano ni nini? Waranti akauliza.

— Inaweza kuwa kilo zenye amebakisha, Ronny akasema, na nikataka kumpiga na ndizi.

Santuri alikuwa amenyamaza. Santuri, mwenye hata kwa mazishi hanyamazi. Aliangalia kiswichi ya ile mashine, akaangalia sahani.

— Sahani kubwa ni thelathini na tatu, akasema, lakini alisema kama mtu ako kortini.

Hodan akasukuma kiswichi na kidole kimoja. Akashusha sindano.

Ile besi ikarudi, lakini sasa ilikuwa na haraka ya mtu mwenye anajua anaenda wapi. Watu wa kabati wakapata nguvu, wakateremka ngazi wakicheza. Mashine ya moyo ikawa ni kitu tu inalia, kama ndege. Na yule mwanaume wa kisima akaanza kupanda. Akapanda, sauti ikawa nyembamba, akakuwa mwanamke, na mwanamke akakuwa mimi.

Mimi kabisa. Nasema, Lewis, umekula? Halafu nakohoa. Kuku ya jirani inalia nyuma. Halafu tena, umekula? Umekula? Na kila nikiuliza ile besi inangojea nimalize, ndio inajibu.

— Hiyo honi ni ya pikipiki yangu, Ronny akasema. Hapo, skiza, baada ya kuku. Niko kwa ngoma ya majuu, manze.

— Ngojeni kwanza, nikasema. Huyo mtu alikuwa anaomba aachiliwe ni nani?

— Ni wewe, Mama, Waranti akasema.

— Kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa wadi.

— Ndio, Mama.

— Nikapelekwa chini ya meli.

— Tusamehe, Mama.

— Mimi siku zote nilikuwa nashuku, Santuri akasema. Huyu Mama Onchiri ukimpunguza mwendo kidogo tu ni mwanaume.

Tukacheka mpaka Farhiya akatoka kuangalia nani ameanguka. Yule mwanamke wa sukuma akarudisha mboga zake. Kuna msichana wa mitumba alikuwa anatingisha kichwa, na miguu yangu, hii ya kuuma, ilikuwa imeanza kutafuta ile ngoma iko wapi. Siwezi kudanganya, kuna mahali ilikuwa inakimbia na kuniacha. Lakini Ochoki angeipata.

Ni hapo kicheko iliniisha. Nilikumbuka hiyo sauti ya umekula nilituma mwezi wa pili, wakati tiki zilikuwa bado mbili. Sahani ilikuwa imeniambia mimi ni mzima. Lewis je?

Nikawaambia hivyo. Hodan akauliza kama tumejaribu kumpigia.

— Kila siku, Ronny akasema. Imezimwa.

— Namba gani?

— Ile yake.

Hodan akainua birika. Ile karatasi ya kifurushi chini yake ilikuwa imelowa, na duara ya kahawa imezunguka stempu ya posta.

— Hii imetumwa juzi juzi, akasema, wiki moja na nusu haijaisha. Na hapa mwenye kutuma ameandika namba ya simu. Hii si ya Uingereza? Hii mmepiga?

Waranti akaangalia Santuri. Santuri akaangalia Ronny. Ronny akaangalia pikipiki yake. Kahawa tulikuwa tumekunywa birika nzima juu ya hiyo namba.

Hodan akapiga na simu yake, akaniwekea kwa sikio. Ikalia mara tatu. Ikalia mara nne. Sahani bado ilikuwa inazunguka, hakuna mwenye alikumbuka kuzima.

— Hello, sauti ikasema, ya mtu ametolewa kwa usingizi. Nani?

Hiyo haikuwa imepunguzwa na haikuwa imeongezwa.

— Ni mimi, nikasema. Yule wa kwa sahani.

Akaniita Magokoro, akivuta pale mwisho. Halafu akaanza kueleza mbio mbio. Simu ilianguka kwa karai ya kuoshea vyombo kazini. Namba zote zilikuwa humo ndani, yangu, ya Ronny, ya babake. Kwa kichwa hakuwa na hata moja.

— Sanduku la posta tu ndilo niko nalo kwa kichwa, Magokoro. Tangu shule. Barua nilikuwa nimeiandika, nikaiacha kwa meza.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine makali. Nikafungua mdomo, lakini ile mimi ya kwa spika ikanitangulia. Ikauliza soko yote ikisikia, Lewis, umekula?

Nilimsikia anacheka, na hiyo kicheko ilikuwa na maji ndani.

— Bado, akasema.

— Umesikia umeulizwa, nikamwambia. Amka.

Santuri akachukua birika animiminie kikombe ya moto. Ikatoa tone moja na kipande ya tangawizi. Nikamwambia aache, iko sawa, nikachukua ile ya kwanza, ile ilipoa, nikaimaliza.