Eustakia Iteka Alikataa Kuandika "Sikuona"

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ngara, mlioko Biharamulo, na nyinyi madereva mliopaki Lusahunga mkisubiri chakula, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake ni Eustakia Iteka, mkulima wa Ntobeye. Ametutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na mbili. Nasema tena kwa aliyechelewa: Eustakia Iteka, wa Ntobeye.

Wengi mlimjua kwa jina la Mama Kalista. Wapo pia mliomwita mlinzi wa nyota, mkacheka. Najua mpo, na najua mnasikiliza. Kaeni hapo hapo.

Eustakia alisoma mpaka darasa la saba. Baada ya hapo akashika jembe. Shamba lake la mahindi lilikuwa bondeni, na nguruwe pori walilipenda kuliko yeye mwenyewe alivyolipenda. Kwa miaka zaidi ya ishirini, mahindi yakikaribia kukomaa, alihamia kwenye kibanda cha kulindia. Hakuwasha moto. Hakuimba kama wenzake. Alikaa kimya, macho kwenye kichaka.

Binti yake, Kalista, anasema hivi: "Mama alikaa mpaka mbu wanamchoka. Hakohoi, hajikuni. Nguruwe anamdhania kisiki. Anakuja anakuja, halafu ghafla anasikia debe linapigwa sikioni."

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mama huyu alijua kutazama.

Miaka mitatu iliyopita, walikuja watu wenye darubini. Kiongozi wao aliitwa Daktari Wiston. Daktari wa mambo ya nyota, si wa sindano. Walikuwa wamepiga hesabu zao wakaona kwamba jioni fulani, saa mbili na dakika tatu usiku, jiwe moja kubwa linalozunguka jua litapita mbele ya nyota. Kivuli chake kitapita juu ya Biharamulo na Ngara. Walitaka watu kumi wakae kwa mstari, tangu Biharamulo, kupitia Lusahunga na Nyamiaga, mpaka huku mpakani.

Walifika ofisi ya kata kutafuta watu. Eustakia alikuwa amepeleka ndizi za kuuza. Akatua kikapu, akasikiliza, kisha akauliza.

"Kazi yenyewe ni nini?"

"Kukaa, mama," akasema Daktari Wiston. "Kutazama nyota moja kwa dakika kumi, bila kuondoa jicho. Si kazi rahisi."

"Dakika kumi?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe baba, umewahi kulinda nguruwe?"

Ofisi nzima ikacheka. Lakini jina lake likaandikwa.

Walimfundisha jioni tatu. Aliporudi kijijini wanawake wakamuuliza, hilo jiwe linaizimaje nyota? Akawaeleza kwa lugha ya hapa kwetu. Akasema: "Mmesimama Lusahunga. Ng'ambo ya barabara kuna taa ya duka. Lori likapita. Taa imepotea, lakini hakuna aliyeizima. Imezibwa. Ukihesabu imepotea kwa muda gani, unajua lori ni refu kiasi gani. Na mkisimama watu wengi mbalimbali, kila mtu na hesabu yake, mnalijua lori lote lilivyo, hata kama ni giza."

Ndiyo kazi hiyo. Kila mtu anasema nyota yake imepotea lini na imerudi lini. Wakiunganisha, wanapata umbo la jiwe ambalo hakuna aliyeliona kwa jicho.

Sasa, Eustakia aliwekwa mwisho kabisa wa mstari. Ntobeye. Kwa hesabu za wale wataalamu, kivuli kingeishia kabla ya kumfikia. Aliwekwa pale kama mtu anayewekwa mpakani mwa shamba, aseme tu kwamba hakuna kilichofika.

Walimpa darubini ya kutumia, na simu ya kurekodi sauti na saa. Hapo ndipo penye kisa. Nyinyi wa Ngara mnajua simu zetu zilivyo. Ukikaa upande wa mpakani, mtandao wa ng'ambo unaivuta, na saa inarudi nyuma saa nzima. Wangapi wamechelewa misa kwa ajili hiyo? Wangapi wamekosa basi? Eustakia alilijua. Akamwambia Daktari Wiston, "Baba, simu hii itahama. Hapa simu zinahama."

"Mama, hii ni simu ya kisasa."

"Hata za kisasa zinahama."

Daktari akatabasamu. Eustakia hakubishana. Alikwenda mjini Ngara, kwa Halfani fundi redio. Halfani ni kijana wa ile familia ya wafanyabiashara waliokuja zamani kutoka pwani, duka lao lipo mpaka leo. Akamwambia, "Halfani mwanangu, niazime redio inayoshika vizuri."

"Ya nini, Mama Kalista? Unakwenda kuwapigia nguruwe muziki?"

"Niazime, utajua mbele."

Jioni ile aliweka redio juu ya mawe, karibu na simu. Akafungulia kituo chetu hiki mnachosikiliza. Gidioni, jirani yake, akapita na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akasema, "Mama Kalista! Unalinda nyota zisiliwe na nguruwe?"

"Pita, Gidioni. Unaniwekea kichwa mbele ya darubini."

Saa mbili kamili, redio ikalia ile milio yake ya saa. Taarifa ya habari ikaanza. Eustakia hakugeuka. Jicho lake lilikuwa kwenye nyota moja ndogo, hafifu, ambayo mimi na wewe tusingeijua kati ya wenzake. Kalista alikuwa nyuma yake na anasema hakumsikia mama yake hata akipumua.

Saa mbili na dakika tatu, Eustakia akasema, "Imezimika." Kisha akasema, "Imewaka."

Kati ya maneno hayo mawili zilipita sekunde mbili na nusu. Mtu aliyewekwa pale asione kitu, ameona. Sekunde mbili na nusu, wasikilizaji wapendwa.

Kesho yake walikutana kwenye darasa moja mjini Ngara. Daktari Wiston akachora jedwali ubaoni. Wa Biharamulo wakataja sekunde zao. Wa Lusahunga wakataja. Wa Nyamiaga akasema hakuona kitu, akaandikiwa "sikuona". Ikafika zamu ya Ntobeye.

"Mbili na nusu," akasema Eustakia.

Daktari akatazama simu. "Mama, hapa inaonyesha saa moja na dakika tatu. Saa moja na dakika tatu jua ndiyo kwanza linazama. Nyota umeionea wapi?"

Darasa likacheka.

"Simu imehama. Nilikwambia."

"Haya, tuseme imehama. Mwenzako wa Nyamiaga yupo katikati na hakuona. Kivuli kimemruka yeye kikakufikia wewe? Labda ulipepesa jicho, mama. Si aibu. 'Sikuona' nalo ni jibu zuri. Tulikuweka pale kwa ajili ya jibu hilo."

Eustakia akasimama. Waliokuwepo wanasema alifunga upya kitenge chake kwanza, taratibu, kama mtu anayetaka kuingia shambani.

"Mlinileta nitazame," akasema, "au mlinileta nisione?"

Akaelekeza kidole kwenye jedwali.

"Nyinyi mmeona lori. Mimi nimeona bodaboda iliyokuwa ubavuni mwa lori. Kati yao pana nafasi, na huyu wa Nyamiaga alikaa penye nafasi. Ndiyo maana hakuona. Hajakosea. Na mimi sijakosea."

Hapo walicheka mpaka mwalimu mmoja akafuta machozi. Bodaboda angani!

Walimletea karatasi aweke sahihi. Imeandikwa: Ntobeye, sikuona. Asiyesaini hapati cheti wala darubini ya kubaki nayo, na safari nyingine hatachukuliwa. Darubini aliitaka sana, wasikilizaji wapendwa. Kalista anasema alikuwa ameshaitengea kona ndani ya nyumba. Pamoja na hayo, aliirudisha kalamu mezani.

"Siandiki sikuona. Niliona. Na kama hamuitaki sauti yangu, nirudishieni."

Wakamnakilia ile sauti kwenye kadi ndogo ya simu, yaishe. Kwenye jedwali, mbele ya Ntobeye, wakachora mstari mfupi. Kama mtu ambaye hakuwepo.

Alitoka pale moja kwa moja mpaka dukani kwa Halfani. "Uliniuliza redio ni ya nini," akamwambia. "Sikiliza."

Halfani akasikiliza. Milio ya saa. Taarifa ya habari. Vyura wa bondeni. Na sauti ya mama. Halfani mwenyewe anasimulia: "Nilisimamisha kazi zote. Nikamwambia, Mama Kalista, simu inaweza kuhama, lakini taarifa ya habari ya saa mbili haihami. Umewafunga kwa kamba yao wenyewe."

Akaileta hapa redioni. Sisi tunatunza taarifa zetu zote. Fundi wetu akaweka sauti mbili pamoja, yetu na ya mama, neno juu ya neno. Habari iliyokuwa ikisomwa ilihusu lori la vitunguu lililopinduka njiani. Eustakia alisema "imezimika" katikati ya habari hiyo. Saa mbili, dakika tatu, sekunde kumi na saba. Hakuna mtandao wa nchi yoyote unaoweza kuibadilisha.

Tukawaandikia. Hawakujibu. Kila mwezi Eustakia alipanda pikipiki kutoka Ntobeye mpaka dukani kwa Halfani.

"Shikamoo, Mama Kalista."

"Marahaba. Wamejibu?"

"Bado."

"Tuma tena."

Hakukaa, hakunywa hata maji. Kila mwezi, tuma tena. Halfani anasema alituma mara thelathini na moja. Kijijini walimwambia aache. Padri alimwambia asamehe. Akajibu, "Nimeshasamehe, Padri. Ila niliona."

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, gari lilifika Ntobeye. Eustakia alikuwa mgonjwa, amelala, miguu imevimba. Aliyeshuka ni Daktari Wiston. Peke yake, viatu vina matope. Kalista akampeleka chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaeleza. Lile jiwe lilikuwa limepita mbele ya nyota nyingine, mbali sana na huku, na huko watu wengi waliona nyota ikipotea mara mbili. Jiwe lina mwenzake. Jiwe dogo, linatembea ubavuni mwake. Wakarudi kwenye kumbukumbu zote za zamani, wakakuta barua thelathini na moja kutoka duka la redio mjini Ngara.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha utasubiri," akasema Eustakia. "Ile karatasi umekuja nayo?"

Alikuwa nayo. Jedwali lenye mstari mfupi.

"Futa mstari. Andika."

"Mama, tutatoa jedwali jipya, la kuchapwa vizuri..."

"Hilo ni lako. Mimi nataka hili ulilolichora wewe, kwa mkono ulioutumia siku ile."

Daktari akapiga magoti, maana chumba hakikuwa na meza, akaweka karatasi juu ya kigoda. Akakata mstari. Akaandika.

"Soma."

"Ntobeye. Sekunde mbili na nusu."

"Soma tena, Kalista yuko jikoni hajasikia."

"Ntobeye! Sekunde mbili na nusu!"

"Na bodaboda?"

Daktari akacheka huku anajifuta uso. "Na bodaboda ilikuwepo, mama."

"Haya. Kalista, mletee mgeni chai."

Wiki sita baadaye Eustakia Iteka akapumzika. Ile karatasi imebaki kwa Kalista, na darubini, aliyoiacha Daktari Wiston siku ile, iko kwenye ile kona. Nilipomuuliza Kalista ataifanyia nini, akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Nitatazama," akasema.

Kalista, ndugu na jamaa wa Ntobeye, na wewe Halfani, kutoka kwetu sote hapa redioni, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mama mahali pema, na awape nguvu.

Na sisi wengine, kabla hatujalala, kila mmoja ajiulize. Ni mara ngapi umeandika "sikuona" wakati uliona, kwa sababu tu kalamu ilikuwa mkononi mwa mkubwa? Na wewe mwenye kalamu, ni nani umemchorea mstari mfupi?

Desturi ni kunyamaza dakika moja. Familia imekataa dakika. Imeomba sekunde mbili na nusu, na imetupa ruhusa tuwasikilizishe sauti yenyewe. Anayesoma habari humo ni mimi. Jioni ile sikujua kwamba bondeni Ntobeye kuna mtu anahesabu juu ya maneno yangu. Zimeni taa za nje, mlio karibu nazo. Akisema neno la kwanza, tunyamaze wote mpaka aseme la pili.

*Milio ya saa. Vyura.*

"...lori lililokuwa limebeba vitunguu..."

"Imezimika."

...

"Imewaka."