Mwanga Kwenye Bega la Winchi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya kibanda cha kinyozi, na birika la kahawa chini yake. Jioni ile Winchi, mbeba makabati na masofa ya watu wanaohama, alifika bega likiwa wazi kama anayesubiri chanjo. Misuli ilikuwa imechanika kidogo, wiki nzima hajabeba hata stuli. Na kesho yake mama mkwe alikuwa anahama.

— Natoka kliniki, wamenimulika, alisema. Taa nyekundu, leza. Haichomi, haina hata joto.

— Basi umechezewa, akasema Bucha, muuza nyama. Mwanga wa baridi unamtibu nani?

— Daktari kasema ndani ya misuli kuna chembe hai, na ndani ya chembe mna majiko madogo ya kupikia nguvu. Mwanga unayachochea, bega linajitengeneza. Ila kasema wengine hawaoni tofauti.

Bucha akaweka kikombe chini.

— Ngoja kwanza. Mimi buchani nina taa nyekundu juu ya nyama. Kumbe ndiyo maana lile paja la jana lilinipiga teke!

— Paja la ng'ombe aliyekufa? akauliza Winchi.

— Ng'ombe kafa. Chembe zake nani kaziambia?

Kinyozi, msomi wetu kwa sababu huwanyoa walimu, akatikisa kichwa.

— Tatizo si hilo. Limemulikwa bega moja tu. Likipata nguvu peke yake, Winchi atakuwa akitembea anazunguka.

Winchi akabadilika uso.

— Na kwa mama mkwe ni barabara iliyonyooka!

— Ndo hivyo. Lazima tusawazishe.

Kinyozi akachomoa taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli yake, akammulika bega la pili. Bucha akasema sasa hili limezidi. Tukarudia la kwanza. Likazidi lile. Tukamulika kwa zamu, kwa huruma ya kweli kabisa, kahawa inapoa.

Ndipo akatokea kaka wa mkewe.

— Shikamooni. Shemeji, mama kanituma nikusaidie kesho. Bega bovu ni lipi, nijue nishike upande gani wa kabati?

Winchi akabonyeza la kulia. Akabonyeza la kushoto. Akarudia la kulia, taratibu, kama anayepapasa ukuta gizani. Halafu akatugeukia sisi.

— Jamani, lilikuwa lipi?

Bucha akamtazama Kinyozi. Kinyozi akazima taa.