Nani Kamlipua Bibi Chewa

Kijiwe cha kahawa cha mtaa wa Chuno kilikuwa kimeshachangamka Asadi alipofika, nywele bado zina chumvi. Pale wanamwita Mtungi, maana kazi yake ni kuzama na wageni, mitungi ya hewa mgongoni, kuwaonyesha meli iliyozama zamani nje ya ghuba, kina kisichozidi kimo cha mnazi. Asubuhi ile alizama na mwenzake kuikagua, akarudi hana hamu hata ya kashata.

— Wameipiga baruti, akasema. Meli nzima.

— Nani? akauliza Shaibu, aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa hazimwi.

— Ningemjua ningekuwa nimekaa hapa? Matumbawe ya sitahani yamekuwa kifusi. Changu wamelala mchangani kama majani ya mkorosho. Na Bibi, yule chewa mkubwa wa chumba cha injini, nimemkuta kapasuka tumbo. Alikuwa ananijua yule. Nikishuka tu, anatoa kichwa mlangoni.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya watoto, Redio.

— Kwani chewa hakuwa mtoto wa mtu?

Rajabu, anayeitwa Wakili japo mahakama anaiona kwa nje tu, akashusha kikombe.

— Hao wametoka ng'ambo ya Ruvuma. Baruti wanaivushia kivukoni Kilambo, ndani ya magunia ya muhogo.

— Ng'ambo wapi, Redio akapinga. Ni mwenye hoteli. Anataka meli hii ife azamishe yake, aweke na geti la kiingilio.

— Basi mle mna dhahabu ya Mjerumani, akasema Wakili. Watu wanatafuta sanduku.

— Au nyambizi imejigonga, akaongeza Redio.

— Nyambizi ya nani? akafoka Asadi. Nimemshika Bibi kwa mikono hii, nyie mnaniletea nyambizi.

Mwanakombo, fundi cherehani wa Magomeni, mtaa wa jirani, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Shikamooni. Ndiyo ule mshindo wa jana alfajiri?

— Huohuo, akasema Redio. Kikombe kilinicheza mkononi.

— Kwangu mabati yalilia, akadakia Wakili.

— Kumbe wote mliusikia, akasema Mwanakombo. Mlimwambia nani?

Redio akachungulia ndani ya kikombe. Wakili akaanza kutafuta kiatu chake.

Asadi naye aliusikia, akiwa ndani ya chandarua, akageukia ubavu wa pili.