Konokono wa Lambo Letu: Maisha ya Mwalimu Anatoli Bundala

Ndugu waombolezaji, mimi Mhoja, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya Baba, na ninasoma kama alivyoagiza mwenyewe, bila kufunika kitu.

Mwalimu Anatoli Bundala alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Mwamapalala, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akaendelea na sekondari na chuo cha ualimu, na mwaka 1973 akaanza kufundisha baiolojia hapa wilayani Bariadi, ambako wanafunzi walimwita Konokono, kwani somo la konokono lilimpa raha kuliko yote, akieleza kwamba konokono, kome wa ziwani, simbi, zile kauri za waganga wetu, na hata pweza asiye na gamba ni ukoo mmoja, darasa likaangua kicheko.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa na Mama yetu Eufrasia, wakahamia hapa Dutwa, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Lucy na Joyness.

Hapa natamani karatasi iishe. Mwaka 1993, miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, lambo la kitongoji chetu lilikauka, na wazee wakamwuliza Baba kama boma la miiba lililowazuia watoto wasiingie majini wakapata kichocho, kinachoenezwa na konokono, liondolewe, naye, kwa raha ya kuulizwa, akaokota magamba juu ya tope, akatamka kwamba konokono wote wamekufa, ilhali kila mwaka aliwafundisha Kidato cha Tatu kwamba konokono wa majini hujifukia topeni akalala miezi mingi, akingoja mvua. Mvua ikaja, miiba haipo, tukaogelea, mimi na rafiki yangu Yakobo, mtoto wa jirani yetu Mama Martha.

Mwaka uliofuata tulianza kukojoa damu, na kwa mila yetu bibi zetu walipiga vigelegele kwamba tumekuwa wasumba, wanaume kamili, akachinjwa jogoo, na Baba, aliyejua kuwa ile damu ni kichocho, alimla jogoo huyo pamoja na wazee, kimya. Kisha alinunua vidonge kwenye duka la dawa la mtu binafsi, maana siku hizo kila kitu kilipatikana dukani, akaniambia ni vya minyoo, nami nikapona, lakini nyumba ya jirani, kwa kina Yakobo, hakupeleka hata kimoja, kwa kuogopa kuulizwa nani aliyesema lambo ni salama. Figo za Yakobo ziliharibika, na tulimzika tarehe 2 Mei 1999.

Tangu hapo Baba hakufundisha tena habari za konokono. Mwezi Juni mwaka huu wa 2004 alipata kiharusi, akanieleza haya yote kwa mdomo uliopinda, na akafariki tarehe 19 Agosti. Tunaona aibu, na aibu hii hatuombi mtusaidie kuibeba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake na majirani wote. Mama Martha nilimweleza jana jioni, kwa kuwa haikufaa alisikie hapa kwanza, akainuka, akaenda kwake, na leo asubuhi amekuja na ndoo yake ya maji, akawasha moto, na huko nyuma ndiye anayewapikia ugali mtakaokula.

Pumzika, Baba. Amani yako iko kwa Mama Martha, na sisi hatuna uso wa kumwomba.