Doña Casimira Coyoy, Aliyewageuzia Madaktari Mgongo

Familia ya Coyoy inawashukuru nyote mliofika kutuhani hapa Quetzaltenango, na inawaomba mketi, hata mliobanana kule mlangoni, maana marehemu hakupenda kusemeshwa na mtu aliyesimama, na anayewasomea historia hii ni mkwewe, Fidencio, na mnajua mkwe hasifu bure.

Doña Casimira Coyoy Sacalxot alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 mjini Cantel, mtoto wa tatu kati ya saba wa don Anselmo Coyoy, mfumaji wa kiwandani, na mkewe doña Petrona. Alianza shule mwaka 1960, akiwa anajua Kikiche, lugha ya nyumbani, peke yake, akakipata Kihispania kwa kusimamishwa kona ya darasa kila alipokosea, na alipofika darasa la tatu, mwaka 1962, masomo yakakatika kwa sababu mama yake aliugua. Alimsindikiza hospitalini, akamwona daktari amesimama kando ya kitanda na kalamu mkononi, akiuliza kwa haraka inauma wapi, akamwona mama yake akigeukia ukutani na kunyamaza, na doña Petrona akafariki tarehe 2 Februari 1963 bila mtu kujua palipokuwa pakimuuma. Jambo hilo marehemu hakulisahau mpaka kaburini, na kazi yote mtakayoisikia hapa ilitoka kwenye ukuta ule.

Tarehe 18 Novemba 1972 alifunga ndoa na don Teodoro Quemé, fundi viatu, wakajaliwa watoto watatu, Irma, Rolando na Delfina, na don Teodoro akatangulia mbele ya haki mwaka 1986. Miaka miwili baadaye shule moja ya lugha mtaani kwetu ilianza kumletea wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka ng'ambo, waishi nyumbani kwake huku wakijifunza Kihispania asubuhi na kushinda wodini mchana, na alichotakiwa kuwapa ni kitanda, maharage na tortilla. Yeye akawapa na somo, ambalo hakuna aliyemwomba.

Kila Alhamisi, baada ya kula pache, viazi vilivyopondwa na kupikwa ndani ya majani, alijilaza kitandani, akajifunika shali hadi kidevuni, na wanafunzi wakaingia mmoja mmoja kumwona mgonjwa. Aliyetanguliza daftari na kuuliza inauma wapi alikuta ameshageukia ukutani, na watoto wake, baadaye wajukuu, wakimwambia mgonjwa amelala, rudi wiki ijayo. Aliyefaulu ni yule aliyewasalimu wote chumbani akianza na mkubwa, akaomba ruhusa ya kukaa, akakaa kweli, akauliza habari za watoto na kuku, kisha ndipo akagusia maumivu. Mwaka 1993 mkuu wa shule alikuja kumweleza, kwa adabu zote, kwamba mtu wa darasa la tatu hawezi kuwafundisha madaktari, na wiki hiyo hiyo wanafunzi kumi na mmoja wakakataa kupokea vyeti visivyo na saini yake, basi tangu hapo kila cheti kikawa na saini mbili, ya shule, na ya kwake yenye herufi kubwa zilizoinama kama watu waliobeba kuni. Alitia saini vyeti mia nne na kumi na viwili, na kimoja alikikataa.

Hicho kilikuwa cha Wendell Haugen wa Minnesota, kijana aliyezungumza Kihispania kama redio, wa kwanza katika mitihani yote, ila siku za Alhamisi alianguka mara tatu mfululizo, kwa kuwa hakuwa na muda. Tarehe 22 Julai 2004, basi likimsubiri nje, alimnyooshea kalamu, na Doña Casimira akamwambia, "Lugha unayo, mwanangu. Kukaa ndiko huna." Kijana aliondoka amenuna, hata kuaga hakuaga, na cheti kikawekwa kabatini chini ya sketi ya harusi, na kila alipokiona alikuwa akisema, huyu bado.

Mwaka 2011 aligundulika kuwa na kisukari, mwaka 2021 figo zikaanza kushindwa, na Agosti mwaka huu wa 2023 aligeukia ukutani, na safari hii haikuwa somo, siku mbili hakumjibu mtu, hata binti zake, nasi tukaogopa kwamba anakwenda kama mama yake alivyokwenda. Alhamisi, tarehe 10 Agosti, daktari Haugen alibisha hodi, kichwa kimeshaota upara, ameleta wanafunzi wake sita kwa somo la Alhamisi, wala hajui kuna mgonjwa wa kweli. Aliwaacha uani, akavua kofia, akatusalimu kuanzia kwa mkubwa hadi mjukuu wa mwisho, akaomba ruhusa, akakaa kwenye kigoda cha marehemu don Teodoro, akanywa kikombe cha kahawa hadi mwisho, halafu akauliza kama kuku bado wanataga.

Doña Casimira akageuka. "Mmoja tu," alisema. "Yule mweusi ni mvivu kama wewe."

Ndipo akamwambia panapomuuma, na jambo alilotuficha sisi sote, kwamba anaogopa kufia wodini, mahali asipoeleweka. Daktari Haugen na daktari wetu wa zahanati wakapanga dawa za maumivu, mgonjwa akabaki kitandani pake, akaagiza kabati lifunguliwe, akaandika saini ya mia nne na kumi na tatu, na mtu mzima yule alipoanza kulia akaambiwa asiiloweshe karatasi, aende akawafundishe walio uani. Alifariki tarehe 14 Agosti 2023, saa moja asubuhi, akiongea, na uso wake ukitutazama sisi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa zahanati, majirani waliopika kahawa siku zote hizi, walimu wa shule ya lugha, na wanafunzi sita waliobeba jeneza, ambao jana kila mmoja alitusalimu kabla ya kushika kishikio.

Pumzika kwa amani, Mama, na huko ulikokwenda, wakikujia na daftari kabla ya salamu, wageuzie mgongo mpaka wakae.